DEREVA ATAKA KUONA NJIA



Baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa kwanza wa gazeti letu ukitoa habari za waipa za motokaa ya zamani, na hali mambo ya mishahara na ya nyumba bado yako mezani. Tumeulizwa hivyo hata katika kamati. Lakini jambo hili limeletwa mbele yetu na mwanachama mwenzetu, na tulipolitazama vizuri tuliona ni jambo la mfanya kazi kama mengine yote. Mtu mmoja ana mali. Mtu wa pili aiendesha mali hiyo kwa ujira. Mali hiyo ikiwa na kasoro, ni yule wa pili atakayeumia kwanza.

Mwenzetu huyo hatutamtaja jina, wala mwenye gari hatutamtaja. Siku za juma yuko kazini reli pamoja nasi. Siku za Jumamosi, kwa kuwa karo za watoto hazingoji mwisho wa mwezi, huendesha gari la Kiingereza la miaka ya hamsini ambalo hukodiwa kwa arusi. Gari hilo hulala mtaa wa Mountain View, kando ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi. Arusi nyingi ziko upande wa Kikuyu na Limuru, kwa hiyo kila akitoka, anatoka kwa kupanda. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kwa nguvu, bibi arusi na wasimamizi wake wakiwa nyuma, waipa zilisimama katikati ya kioo na hazikusogea tena mpaka alipoondoa mguu kwenye mafuta. Alipokanyaga tena, zikasimama tena. Akaenda hivyo hivyo, akanyaga, aachia, akanyaga, aachia, na malori nyuma yake yakipiga honi.

Alipomwomba mwenye gari atie waipa za umeme, jibu alilopewa ni kwamba gari la zamani likibadilishwa hata skrubu moja thamani yake yapotea. Kwamba zamani watu waliliendesha hivyo hivyo na hawakufa. Na kwamba kama yeye aogopa mvua, wako madereva wengine. Neno hili la mwisho wafanya kazi wote wanalijua, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kwanza yafaa tueleze kitu chenyewe, maana vijana wengi waliozaliwa wakati wa magari ya Kijapani hawajakiona kamwe.

Injini ya petroli huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Dereva akiondoa mguu, kile kilango kilicho ndani ya kabureta hufungwa karibu chote, lakini pistoni bado zavuta. Basi ndani ya bomba la kuingizia hewa hubaki upungufu mkubwa wa hewa. Upungufu huo ndio vakyumu. Watengenezaji wa zamani walitoboa tundu katika bomba hilo, wakapitisha mpira mwembamba mpaka kwenye kikebe kidogo kilichofungwa karibu na kioo. Ndani ya kikebe mna bapa, na mna vali inayogeuza mvuto huo, mara upande huu, mara upande ule. Bapa likienda na kurudi hugeuza mhimili, na mhimili hugeuza waipa. Hakuna waya hata mmoja. Nguvu ni ya bure.

Ni ya bure, lakini haipatikani wakati wa haja. Dereva akikanyaga mafuta, kilango cha kabureta hufunguka wazi, hewa yaingia kwa wingi, upungufu waisha, na waipa zalala. Ni wakati gani mtu hukanyaga mafuta mpaka chini? Ni pale apandapo mlima, na pale apitapo lori. Na ni pale hasa ambapo anahitaji kuona. Kisha akiteremka na mguu ameuondoa, waipa hupiga kama mbawa za kuku aliyeshikwa, hata kama mvua imekwisha kuwa manyunyu. Mtambo huu humpa mtu kingi asipotaka na kumnyima atakapo.

Sisi wa reli hatuhitaji kuambiwa mara mbili habari za vakyumu. Breki za namna hiyo zilitumika miaka mingi katika reli za Uingereza na za India, na mafundi wetu wazee wanajua ubaya wake ni upi: vakyumu haiwezi kamwe kuwa na nguvu kupita uzito wa hewa yenyewe iliyo nje. Huko pwani uzito huo ni karibu ratili 15 kwa kila inchi mraba, na hata ukiwa na pampu ya dhahabu hutapata zaidi. Hewa ya kushindiliwa ni jambo jingine, kwa sababu unaweza kuishindilia mara tano, mara saba, upendavyo. Ndiyo maana injini nyingi za dizeli za reli zina waipa zinazosukumwa na hewa ya kushindiliwa, inayotoka katika tangi lililojazwa na kompresa. Dereva wa treni akipanda Timboroa, mahali ambapo reli yapita juu ya futi 9,000, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, waipa yake haijui kama ni mlima au ni tambarare. Tangi limejaa, basi.

Sasa tazameni mahali tunapokaa. Nairobi iko juu ya bahari kama mita 1,700. Hewa ya hapa ni nyepesi; uzito wake ni kama sehemu nne katika tano za ule wa Mombasa. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila futi 1,000 unazopanda, geji ya vakyumu ya injini hupungua inchi moja. Injini nzuri ikinguruma pole pole Mombasa huonyesha inchi 18 mpaka 20. Iletwe Nairobi injini hiyo hiyo, na geji itaonyesha 13 au 14. Ipandishwe mpaka Limuru, zaidi ya mita 2,200, na hewa imebaki kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Kwa hiyo waipa iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za Uingereza, ambako miji mingi haiko mbali juu ya bahari, imekuja kwetu ikiwa imepunguziwa nguvu kabla hata dereva hajagusa mafuta.

Na barabara yenyewe ndiyo ile. Kutoka Mountain View unapita Kangemi, Uthiru, Kikuyu, wapanda. Waenda Limuru, wapanda. Ukipita hapo wafika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ukungu wa Kimende wengi wenu mnaujua. Ile barabara ya zamani inayoteremka Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kitaliani wakati wa vita vya pili, na kanisa lao dogo lingali kando ya njia, haina nafasi ya makosa. Wakati wa kuteremka waipa za vakyumu zitapiga mpaka uzichukie. Wakati wa kurudi, nyuma ya lori la mizigo lililojaa, hutakuwa nazo. Kama mtu angetaka kuchagua mahali pabaya kuliko pote pa kuendesha gari lenye waipa za namna hii, angechagua barabara hii na mwezi wa Aprili.

Mwenye gari asema zamani watu waliendesha hivyo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo tumeuliza kwa nini watengenezaji wenyewe waliacha. Kampuni ya Trico ya mji wa Buffalo, Marekani, ilianzishwa na John Oishei mwaka 1917, baada ya yeye mwenyewe kumgonga mtu wa baisikeli usiku wa mvua kwa sababu hakuona mbele. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kubwa katika kuuza waipa za vakyumu, na kwa wakati ule zilikuwa maendeleo, maana waliotangulia walikuwa wakizungusha waipa kwa mkono. Mota za umeme zilikuwapo tangu miaka ya ishirini, lakini zilikuwa ghali, na betri za magari zilikuwa dhaifu. Vakyumu ilikuwa rahisi, basi ikatumika katika magari ya bei ndogo. Ford Anglia ya namna ya 100E, iliyotoka mwaka 1953, ilikuwa na waipa za vakyumu. Ilipokuja Anglia mpya ya 105E mwaka 1959, kampuni hiyo hiyo ilitia mota ya umeme. Huko Marekani kampuni ya American Motors ilichelewa kuliko wenzake, ikaacha vakyumu kwa magari ya mwaka 1972. Tangu hapo hakuna anayetamani kurudi.

Kwa hiyo hoja ya kwamba jambo hili ni heshima kwa gari hatuikubali nzima nzima. Walioliunda gari wenyewe waliona kasoro, wakaiondoa mara walipopata njia ya bei nafuu. Mtu anayetia mota ya umeme leo afanya kile walichofanya wao miaka michache tu baadaye.

Lakini tusiwe watu wa kudharau vitu vya zamani. Sisi wenyewe tunavipenda. Ile makumbusho ya reli hapa Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina injini kubwa ya mvuke ya daraja la 59 iitwayo Mount Gelai, na kila mwanachama aliyempeleka mtoto wake pale anajua fahari ya kusimama chini ya magurudumu yale. Tunajua pia maonyesho ya magari ya kale yanayofanyika kule uwanja wa farasi wa Ngong, yaliyoanza mwaka 1970, ambako mtu huhesabiwa alama kwa usafi wa gari lake na kwa vitu vyake vya asili. Hatuna ugomvi na watu hao. Kitu kinachosimama kwenye nyasi kitazamwe na watoto, kiache kama kilivyotoka kiwandani, hata kikiwa na waipa za kamba. Kitu kinachotoka barabarani na roho za watu ndani yake kina sheria nyingine. Injini ya makumbusho ikitakiwa kuvuta abiria, jambo la kwanza mafundi watakalotazama ni breki, na hakuna atakayesema breki mbovu ziachwe kwa kuwa ni za asili.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Tumewauliza wenzetu wawili wa karakana ambao wamekwisha kuifanya, na twaandika hapa waliyotueleza, ili mwanachama atakayepewa kazi hii asidanganywe na asidanganye.

Jambo la kwanza ni kutazama mihimili ya waipa kabla ya kununua chochote. Mota ya vakyumu ni dhaifu. Mhimili ukikwama kwa kutu, yenyewe husimama tu na hakuna kinachovunjika. Mota ya umeme haina subira hiyo. Itasukuma mpaka ivunje meno yake, au ipinde chuma, au iungue. Kwa hiyo toa mihimili, safisha, tia grisi, na hakikisha yageuka kwa vidole viwili. Wenzetu wasema nusu ya waipa zinazoitwa mbovu zilikuwa na ugonjwa huu tu, na mpira wa vakyumu uliopasuka. Mpira mpya na grisi vitaongeza nguvu kidogo. Wako pia watu wanaotia tangi dogo la akiba na vali ya kuzuia hewa isirudi, ili waipa zipate mapigo machache zaidi gari likipanda. Ni dawa ya kilima kifupi. Mlima wa Limuru hauishi kwa mapigo kumi.

Jambo la pili ni mwendo. Kikebe cha vakyumu chenyewe huenda na kurudi, lakini mota nyingi za umeme huzunguka duara. Kwa hiyo yatakiwa mkono mdogo wa chuma juu ya mota, na fito za kuunganisha mkono huo na mihimili. Hapa ndipo hesabu ilipo. Mkono ukiwa mrefu mno, waipa zitafagia zaidi ya kioo na kugonga fremu. Ukiwa mfupi mno, zitafuta kipande cha katikati kama sahani. Fundi hupima pembe ya zamani kwanza kwa kuweka alama ya chaki juu ya kioo, kisha hukata chuma. Hesabu tuliyofundishwa shule ya misheni, ambayo tulidhani ni ya kumpendeza padre tu, yafaa hapa.

Jambo la tatu ni umeme, na ndipo wengi wanapoharibu. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yana betri iliyofungwa kinyume na tulivyozoea, yaani upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Mota za waipa za siku hizi, zile unazopata Kirinyaga Road zilizotolewa katika magari madogo ya Kijapani, zina sumaku ya kudumu ndani, na kasha lake limeunganishwa na hasi. Ukiifunga tu kwenye gari la namna hiyo bila kufikiri, ama itazunguka kinyume na swichi yake ya kuegesha waipa isifanye kazi, ama utaunguza waya. Yafaa mota itengwe na bodi kwa mpira, na nyaya zake zote zipitishwe mbali na chuma; au basi gari zima ligeuzwe liwe la hasi kwenye bodi, ambayo ni kazi nyingine tena. Magari mengine ya zamani zaidi yana betri ya volti 6. Mota ya volti 12 ukiitia humo itatembea kama mgonjwa, na utakuwa umetoka kwenye kasoro moja ukaingia nyingine.

Tena kuna dainamo. Dainamo za magari madogo ya wakati ule zilitoa kama ampia 20 tu gari likienda mbio, na gari likisimama kwenye msongamano hutoa karibu na bure. Taa kubwa zala kama ampia 8 au 9, mfumo wa kuwasha petroli wala 3 au 4, na mota ya waipa yaongeza 3 hivi. Mchana wa mvua hakuna taabu. Usiku wa mvua, katika foleni ya Kangemi isiyosogea, betri ndiyo inayolisha vyote. Dereva ajue hivyo, na mwenye gari aweke betri iliyo hai. Na waya wa mota uwe mnene, uwe na fyuzi yake mwenyewe, usiunganishwe kwa kufungafunga kwenye waya wa taa kama tulivyoona mahali fulani.

Jambo la nne ni dogo kabisa, na likisahauliwa laua injini. Ule mpira wa zamani ukiondolewa, tundu lake katika bomba la hewa lazima lizibwe kwa skrubu na washa, likazwe. Likiachwa wazi, injini itavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko utakuwa na petroli kidogo mno, itanguruma vibaya, itapata joto, na mwisho vali zitaungua. Hapo mwenye gari atasema umeme umeharibu injini yake, na fundi hatalipwa.

Na sasa tumjibu mwenye gari kwa upole. Yote haya yaweza kufanywa bila kutoboa tundu jipya hata moja. Breketi ya mota yaweza kukaa juu ya skrubu zile zile zilizoshika kikebe cha zamani. Kitufe kile cha zamani cha dashibodi kinaweza kubaki mahali pake, nyuma yake pakafichwa swichi. Kikebe cha vakyumu kisafishwe, kitiwe mafuta, kifungwe katika kitambaa, kiwekwe sandukuni pamoja na mpira wake. Siku ya maonyesho, fundi atakirudisha kwa nusu siku. Siku ya arusi ya Limuru, kibaki sandukuni. Tunaona neno hili ni la haki, na mwenye mali hapotezi kitu ila fedha ya fundi.

Fedha ya fundi nayo tuiseme, maana hapo pana dhuluma nyingine. Mtu akisikia kwamba mota yenyewe ni kuukuu na imetoka Kirinyaga Road (ambako, tuseme kwa kupita, bei hupanda siku ile ile mawingu yanapotokea Ngong), hudhani kazi ni ya saa moja. Husema, “Ni nyaya mbili tu.” Si nyaya mbili. Ni kutoa mihimili, kupima pembe, kukata na kuchomelea fito, kutenga umeme, kuziba bomba, kisha kujaribu kwa maji, si kwa kioo kikavu, kwa kuwa kioo kikavu hukwaruzwa na kuchosha mota. Fundi mzuri wa jua kali atatumia siku mbili. Twawashauri wanachama wanaofanya kazi za namna hii baada ya saa za reli: andikeni kwenye karatasi vitu mbali na ujira mbali, mwenye gari atie sahihi, na malipo ya vitu yatolewe kwanza. Anayekataa kutia sahihi karatasi ya kazi ya siku mbili hatalipa hata ya siku moja.

Sasa kwa upande wa dereva. Sheria ya barabarani hapa Kenya hairuhusu gari kutembea barabarani likiwa na vyombo vilivyo katika hali ya kuhatarisha watu. Polisi akilisimamisha gari katika mvua na waipa hazifanyi kazi, hatakwenda kumtafuta mwenye gari nyumbani kwake. Atamshika aliye nyuma ya usukani. Na likitokea jambo baya zaidi, ni dereva atakayeulizwa kwa nini aliendesha hali anajua. Kwa hiyo lile neno “endesha pole pole” si msaada. Ni njia ya kumtwika mtu mwingine mzigo. Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo yamtaka mfanya kazi anayeona hatari kubwa aitaarifu kwa msimamizi wake, na yakataza kumrudisha mtu kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Wengi wetu hatuijui sheria hii kwa sababu hubandikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Tumeomba katibu wa tawi aibandike mbele.

Wako watakaosema kwamba madereva wa mashindano ya Safari, tangu yalipoanza mwaka 1953, wamepita katika matope na mvua mbaya kuliko ya Limuru, na wakasifiwa. Tunawajua, na tunawaheshimu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Lakini mtu wa mashindano amechagua mwenyewe, jina lake litaandikwa, na nyuma yake ana mafundi wanaomngoja na vipuri. Mwenzetu ana bibi arusi nyuma, na ujira wa Jumamosi mmoja, na mwenye gari anayempigia simu kuuliza kwa nini amechelewa kanisani.

Kamati imekubaliana mambo haya. Katibu ataandika barua kwa mwenye gari, kwa heshima, na kumweleza habari za kikebe kuwekwa sandukuni, na kwamba wako mafundi wawili wa chama walio tayari kuifanya kazi hiyo kwa ujira wa haki ulioandikwa. Mpaka jibu litakapokuja, mwenzetu hatapanda na gari hilo kupita Uthiru ikiwa mvua yanyesha, na tumemwambia asione haya kulisema hilo mbele ya mteja, kabla mteja hajalipa. Ikiwa kwa sababu hiyo atanyimwa kazi ya Jumamosi, sanduku la kusaidiana la tawi litamtazama kwa muda wa wiki nne, kama tunavyofanya kwa mgonjwa.

Kamati imeona pia kwamba hayuko peke yake. Tumesikia habari za wengine wawili wanaoendesha magari ya kale kwa arusi na kwa watu wa sinema, na wastaafu wetu kadhaa wanaoendesha magari ya wazee wa mitaa ya huku magharibi. Yeyote mwenye taabu ya namna hii, iwe ya waipa, iwe ya breki, iwe ya taa, amwachie katibu wa tawi jina lake na namna ya gari, na aandike kama betri yake ni ya volti 6 au 12, na upande gani umefungwa kwenye bodi. Mafundi wameomba habari hiyo ya mwisho isisahauliwe.